Homoni za ukomo wa hedhi na saratani ya matiti: Mama wa Goma aogope nini hasa?

Mama wa miaka 50 anayeamka saa nane usiku mjini Goma, shuka limeloa jasho na moyo unamdunda, hafikirii homoni. Anafikiria malaria. Kukicha anapita famasi ya mtaani, ananunua dawa, anameza siku tatu, na wiki inayofuata joto linamrudia vilevile. Jirani atamwambia ni presha. Mwingine, kwa kukumbuka yaliyoupata mji huu tangu AFC/M23 ilipouteka mwishoni mwa Januari 2025, atasema ni woga umemkaa mwilini. Huenda wote wamekosea. Huenda ni jambo ambalo kila mwanamke aliyejaliwa umri hulipitia: ovari zimeacha kupevusha mayai, na homoni ya estrojeni ambayo mwili uliizoea tangu ubinti imeshuka.

Hali hiyo haipiti upesi kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa Marekani uitwao SWAN, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba joto na jasho hudumu kwa wastani wa miaka 7 na zaidi, na kwa wanawake weusi wa nchi hiyo ilifika miaka 10. Mama anayeshika njia alfajiri kwenda Kituku kungoja sambaza, au anayevuka mpaka wa Petite Barrière kila siku na mzigo kichwani, anaweza kuifanya kazi hiyo miaka kumi bila usingizi wa kutosha.

Dawa ipo, tena ni ya zamani: vidonge vya kwanza vilivyotumika sana vilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1940. Ni homoni zenyewe zinazorudishwa mwilini kwa kipimo kidogo, na hupunguza idadi ya vipindi vya joto kwa takriban robo tatu. Lakini aliyewahi kuzisikia Goma, iwe kwa muuguzi, kwa dada aliyeko Ulaya au kwa simu, amezisikia pamoja na neno moja: kansa. Wengi huishia hapo. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Ina tarehe yake, ina takwimu zake, na takwimu hizo zinapaswa kusomwa na mwanamke wa Kivu kwa macho yake mwenyewe.

Habari iliyotoka Julai 2002

Mwaka 2002 watu wa Goma wanaukumbuka kwa Nyiragongo. Tarehe 17 Januari lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika mitaa na maduka, ikaingia ziwani. Miezi sita baadaye Marekani ilipata mtikisiko wa aina nyingine. Mwezi Julai wasimamizi wa utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative walitangaza kwamba wanasimamisha sehemu moja ya kazi yao kabla ya wakati.

Sehemu hiyo ilikuwa na wanawake 16,608 ambao bado walikuwa na kizazi. Nusu walipewa kidonge chenye estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi majike wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni, ambayo ni homoni ya maabara inayofanana na projesteroni. Nusu nyingine walipewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano hivi, waliomeza homoni walionekana kupata saratani ya matiti zaidi ya wenzao. Vyombo vya habari vilitangaza ongezeko la asilimia 26. Ndani ya miezi michache mamilioni ya wanawake waliacha dawa, na madaktari wengi waliacha kuiandika.

Asilimia 26 inatisha ikisimama peke yake. Ukiiuliza ni 26 ya ngapi, sura inabadilika. Kati ya wanawake 10,000 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 30 hivi walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Kati ya 10,000 waliomeza homoni, walikuwa 38. Tofauti ni wanawake 8 kwa kila 10,000 kila mwaka. Wanane hao ni watu, wana watoto na wajukuu, na hakuna anayepaswa kuwapuuza. Lakini mwanamke aliyesikia asilimia 26 alidhani kwamba katika kila wanne mmoja ataugua kwa sababu ya kidonge. Utafiti haukusema hivyo.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo vichwa vya habari havikulitilia mkazo. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wameshapita ukomo wa hedhi kwa miaka kumi au zaidi, ilhali anayehitaji dawa hii zaidi ni wa miaka 48, 50 au 53, aliye katikati ya joto lenyewe. Hatari za moyo na kiharusi zilizoonekana kwa wale wazee haziwezi kuhamishwa zote hadi kwa mdogo wao.

Hatari ipo, na ina kiasi chake

Tusiende upande wa pili tukasema ilikuwa ndoto. Mwaka 2003 Uingereza ilitoa matokeo ya wanawake zaidi ya milioni moja waliofuatiliwa, na yalielekea kulekule. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha kazi iliyokusanya tafiti 58 zenye wanawake zaidi ya 108,000 waliougua saratani ya matiti baada ya ukomo wa hedhi. Hiyo ndiyo hesabu pana kuliko zote tulizo nazo.

Fikiria akina mama 100 wa miaka 50 walioketi kwenye viti vya kanisa huko Ulaya, wote wenye uzito wa kawaida, wasiotumia homoni kabisa. Hadi wanafika miaka 69, sita hivi kati yao watakuwa wamepata saratani ya matiti. Sasa wape wote estrojeni pamoja na projestojeni, yaani homoni ya jamii ya projesteroni, kila siku kwa miaka mitano. Watakaougua watakuwa wanane. Wakipewa projestojeni siku chache tu za kila mwezi, ongezeko ni mmoja katika 70. Wakipewa estrojeni peke yake, ni mmoja katika 200. Anayeendelea kwa miaka kumi huongezewa hatari takriban mara mbili ya hiyo, na sehemu ya hatari hubaki miaka mingi baada ya kuacha.

Kwa hiyo muda una uzito, na aina ya dawa ina uzito zaidi. Kwenye utafiti uleule wa Marekani kulikuwa na kundi la pili: wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi, waliopewa estrojeni tupu. Walipofuatiliwa kwa karibu miaka 20, saratani ya matiti kwao ilikuwa pungufu kuliko kwa wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa wachache zaidi. Tafiti za kufuatilia watu bila kuwagawa kwa kura zinaonyesha ongezeko dogo kwa estrojeni tupu, na wataalamu bado wanabishana kuhusu tofauti hiyo. Wanakubaliana kwa hili: inayoichochea zaidi saratani ya matiti ni homoni ya pili, projestojeni, hasa zile za maabara. Huko Ufaransa uchunguzi uitwao E3N uliona kwamba projesteroni inayofanana na ile ya mwili haikuleta ongezeko lililoonekana kwa zile nyingine. Na krimu au kidonge kidogo cha estrojeni kinachowekwa ukeni kwa ajili ya ukavu na maumivu ya tendo la ndoa hakikuonyesha ongezeko la maana.

Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuondoa onyo kali lililokuwa limebandikwa kwenye paketi za dawa hizi tangu mwaka 2003. Onyo moja halikuondolewa: estrojeni tupu inayomezwa na mwanamke mwenye kizazi inaweza kumletea saratani ya ukuta wa kizazi.

Kizazi kipo au hakipo?

Onyo hilo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye famasi za Birere. Goma ni mji ambamo dawa nyingi hununuliwa kwa jina au kwa rangi ya boksi, bila karatasi ya muganga. Mama anamwelezea muuzaji anavyojisikia, muuzaji anatoa anachokidhani. Kwa homoni, njia hiyo ni ya hatari.

Sababu ni hii. Estrojeni huunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi. Katika miaka ya uzazi, projesteroni ndiyo inayouzuia na kuuangusha kila mwezi. Ukirudisha estrojeni bila mwenzake, ukuta unaendelea kukua, na chembe zake zinaweza kugeuka saratani. Marekani iligundua hilo kwa gharama kubwa mwaka 1975, baada ya miaka mingi ya kuwapa wanawake estrojeni tupu na kuwaahidi ujana usioisha. Ndipo projestojeni ilipoongezwa kuwa mlinzi wa kizazi. Mlinzi huyohuyo ndiye baadaye alionekana kuongeza hatari kwenye titi.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kidonge chochote ni la wazi: mama, una kizazi au kilitolewa? Asiye na kizazi hutumia estrojeni peke yake. Mwenye nacho lazima apate zote mbili. Na yeyote aliyekwisha kukaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, iwe tone, asifurahi kwamba ujana umerudi. Aende akapimwe.

Hapa pia ndipo linapoingia swali la sindano ya miezi mitatu, ambayo akina mama wengi wa Kivu wanaijua kwa uzazi wa mpango. Dawa iliyomo ni medroksiprojesteroni, ileile ya mwaka 2002, na swali kama nayo inaleta kansa ni halali. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake milioni 1.8, wanaotumia na wasiotumia njia mbalimbali za homoni za uzazi wa mpango, uliona ongezeko dogo kwa wanaozitumia: mgonjwa mmoja zaidi kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka mmoja. Kwa msichana ongezeko hilo ni dogo mno, kwa sababu saratani ya matiti ni nadra katika umri wake. Katika mkoa ambao mimba isiyopangwa na uzazi usio na msaada bado vinaua, kuacha njia ya uzazi wa mpango kwa hofu ya kansa kunaweza kumgharimu mwanamke kuliko kuendelea nayo.

Wachache huugua, wengi hufa

Takwimu zote hizo zimetoka nchi za mbali, na asilimia haisafiri peke yake. Inategemea inaongezwa juu ya nini. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba Ulaya Magharibi wanawake wapya wapatao 91 kwa kila 100,000 hugundulika na saratani ya matiti kwa mwaka. Katika Afrika ya Kati, ambamo Kongo imewekwa, walikuwa 33 hivi. Sehemu ya sababu inajulikana. Kazi iliyochapishwa mwaka 2002, iliyokusanya tafiti 47 za nchi 30, ilionyesha kwamba kila mtoto anayezaliwa hupunguza hatari ya mama kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa zaidi ya asilimia 4. Mama wa Masisi au Rutshuru aliyezaa sita na kumnyonyesha kila mmoja mwaka na nusu amejikinga kwa kiasi ambacho mwanamke wa Brussels hana. Ongezeko lilelile la homoni, likiwekwa juu ya msingi mdogo, huzaa wagonjwa wachache zaidi.

Sasa tazama upande wa vifo. Katika makadirio hayohayo, Ulaya Magharibi walikufa 16 hivi kwa kila 100,000. Afrika ya Kati walikufa 18. Wanaougua kwetu ni thuluthi ya wale wa Ulaya, na bado wanaokufa wanawazidi. Hakuna kidonge cha homoni kinachoweza kueleza pengo hilo, kwa kuwa karibu hakuna anayekimeza.

Kinacholieleza ni kuchelewa. Utafiti uitwao ABC-DO ulifuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia waliogunduliwa kati ya mwaka 2014 na 2017. Baada ya miaka mitatu, nusu tu ndio waliokuwa hai. Watafiti walikadiria kwamba takriban thuluthi ya vifo ingezuilika kama uvimbe ungegunduliwa mapema na matibabu yangekuwa bora, tena kwa viwango ambavyo nchi hizi zinaweza kuvifikia.

Mjini Goma kuchelewa kuna hatua zake. Uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, na kitu kisichouma hakimtoi mtu sokoni. Kisha kuna aibu ya kumwonyesha mwanaume titi, hata akiwa muganga. Kuna wiki za dawa za kienyeji, kuna siku za kufunga na kuomba. Kuna mume wa kuombwa pesa. Na kuna vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 hospitali za mji, miongoni mwao CBCA Ndosho inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu kuwapasua wenye majeraha ya risasi, zilijaa majeruhi hadi kwenye korido. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango. Katika siku kama hizo, nani atapanga foleni kwa ajili ya donge la nyama lisilouma?

Anayefika hospitalini hukuta kwamba njia bado ni ndefu. HEAL Africa, iliyoanzishwa na Daktari Kasereka Jo Lusi na mkewe Lyn, imejenga jina lake kwa kuwatibu wanawake wa mkoa huu, na Hospitali ya Mkoa ipo. Lakini saratani inahitaji zaidi ya kisu: inahitaji kipande cha nyama kipimwe maabara, inahitaji dawa za mishipani kwa miezi, na wengine wanahitaji mionzi. Kwa mionzi, Kinshasa iko upande wa pili wa nchi. Kigali ndiyo jirani, saa chache kwa gari, ambako kituo cha saratani cha Kanombe kimekuwa kikitoa mionzi tangu mwishoni mwa miaka ya 2010. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, imekuwa ikitibu saratani tangu mwaka 2012. Zaidi ya hapo ni Mulago, Kampala. Kila njia inapita mpakani, na kila njia inadai dola.

Nani zinamfaa, nani azikwepe

Turudi kwa mama anayeloa jasho. Kama ana chini ya miaka 60, au hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, na joto linamharibia kazi na usingizi, faida ya homoni kwa kawaida inazidi hatari, mradi apimwe kwanza na afuatiliwe. Hutumia kipimo kidogo kinachomtosha, na kila mwaka yeye na daktari wake huuliza kama bado anazihitaji.

Lipo kundi moja ambalo katika eneo la vita lisisahauliwe: wanawake waliotolewa ovari zote mbili wakiwa vijana, kwa upasuaji wa dharura au ugonjwa. Kwao ukomo wa hedhi huja siku moja, wakiwa na miaka 30 au 35, na mifupa na moyo huanza kuzeeka mapema. Hawa wanashauriwa kupewa homoni hadi karibu miaka 50, umri ambao wangekoma kwa kawaida. Hofu ya mwaka 2002 haikuwahusu hata kidogo, kwa sababu wanarudishiwa tu kile ambacho wenzao wa rika lao bado wanacho.

Asizimeze aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Sweden ilijaribu, na mwaka 2003 ikausimamisha utafiti huo kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukirudi kwa wengi mno. Asizimeze pia mwenye damu ya ukeni isiyojulikana chanzo, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, na mwenye ugonjwa mkali wa ini.

Hao hawakuachwa mikono mitupu. Zipo dawa zisizo za homoni, baadhi za kutuliza mfadhaiko na nyingine za kifafa kama gabapentini, ambazo hupunguza joto. Anayemeza tamoksifeni baada ya saratani ya titi atapata joto kali kwa sababu ya dawa hiyo; asiiache. Amweleze daktari, kwani hata dawa ya kutuliza joto inapaswa kuchaguliwa, maana baadhi huipunguzia tamoksifeni nguvu. Tena, unene baada ya ukomo wa hedhi na pombe, iwe Primus au kasiksi, vyote huongeza hatari ya saratani ya matiti. Kwa hesabu zinazotumiwa Uingereza, unene uliopita kiasi huongeza wagonjwa wengi kuliko homoni.

La kufanya

Ukienda kwa daktari, nenda na maneno yako tayari. Sema: "Muganga, nina miaka 51, hedhi yangu ya mwisho ilikuwa mwaka jana, nina kizazi, mama yangu mdogo aliugua titi, na usiku silali." Sentensi hiyo moja inampa karibu kila anachohitaji kuamua. Kisha muulize: dawa hii ina homoni gani, nitaitumia muda gani, na katika wanawake 100 kama mimi ni wangapi itawadhuru? Asiyeweza kukujibu hilo hajafikia kukuandikia.

Na iwe unatumia homoni au hutumii, yajue matiti yako. Uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu inayotoka kwenye chuchu: kimojawapo kinatosha kukupeleka hospitalini. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke mwenye dalili apate jibu kamili ndani ya siku 60. Maombi yaendelee, hakuna anayeyazuia, lakini yaendelee huku kipimo kikifanyika.

Waume, kaka na wana wanaosoma haya wana sehemu yao. Pesa ya ekografia itafutwe mama anapotaja uvimbe, si pale titi linapopasuka. Saratani ya matiti ikikamatwa ingali ndogo inatibika, hata kwa mwanamke wa Goma, na hata kama daktari wa kwanza yuko ng'ambo ya mpaka. Mama uliyegusa kitu na ukanyamaza: usingoje maumivu, nenda wiki hii.